Waya wa Mdogo

3 Februari

Mjomba, shikamoo.

Naamini barua hii itakukuta mzima huko mgodini, gari la mafuta likiamua kuifikisha. Sisi hapa hatujambo kwa namna yetu. Mama mguu bado unamsumbua, ila ulimi hauna ugonjwa wowote: jana amegombana na fundi wa paa mpaka fundi akakimbia akaacha ngazi yake. Ngazi bado tunayo, na paa bado linavuja. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele ya watu. Anasema ukirudi atakuchekea wewe peke yako, kwa kuwa wewe mwenyewe una pengo.

Nyingine si njema. Miwani, yule nesi wa wodi ya watoto, kesi yake itasikilizwa tarehe 22 Aprili. Ni ile ya mtoto wa miaka minne aliyefariki Agosti kwa kupewa dawa mara kumi ya kiasi alichoandikiwa. Leseni wameshamnyang'anya. Siku hizi anafua nguo za watu hapa mtaani, na zetu anafua, maana mama hakubali apite mlangoni akose kazi. Yeye anashikilia kwamba kwenye kompyuta aliona ishirini na tano. Kumbukumbu za hospitali zinasema mbili nukta tano. Watu wanacheka kwamba ni vile vioo vyake vinene.

Sasa lililonikalisha niandike. Kazi uliyoniachia inanitoa jasho. Diski ya Mkubwa, ile mashine kuu ya hospitali, inajaa. Jumanne mapokezi walishindwa kuandikisha mgonjwa hata mmoja kwa saa nzima, foleni ikafika getini. Nilidhani ni picha za eksirei, nikazihamisha za zamani, nikapata nafuu ya siku mbili. Nilipopima folda moja moja nikakuta zinazokula nafasi ni faili za miamala za hifadhidata yenyewe. Ziko zaidi ya elfu ishirini na nne, kila moja megabaiti kumi na sita. Ulinifundisha kwamba kila kinachoandikwa hospitali hii hupita kwanza kwenye faili hizo, kama mtu anayeandika rafu kabla ya kunakili daftarini, na rafu ikishanakiliwa hufutwa yenyewe. Mbona hizi hazifutwi?

Nimebakiwa na asilimia sita. Mkurugenzi anataka nizifute kwa mkono. Nimemkatalia, kwa sababu wewe ndiye uliyesema anayefuta faili za miamala kwa mkono amekata tawi alilokalia. Nishauri, mjomba, tena upesi.

Mpwa wako,
Mkaguzi


19 Februari

Mkaguzi wangu,

Marahaba, na mjukuu wangu mwambie pengo si aibu, ni dirisha. Barua yako nimeipokea jana pamoja na mapipa kumi na mawili ya dizeli. Huku ni vumbi na pampu. Ninazo sita za kuvuta maji shimoni, na kila asubuhi naziwekea sikio moja moja kama daktari wa vifua. Simu haishiki mpaka upande kilima cha kifusi, na hata huko hushika ikijisikia. Dada mwambie arudishe ngazi ya watu. Fundi anaweza kurudi, ila akikuta ngazi imepanda bei ya matusi hatarudi.

Kuhusu diski: umefanya vyema kutofuta kwa mkono. Sababu ni Mdogo. Unakumbuka niliweka mashine mbili, Mkubwa anayefanya kazi na Mdogo anayenakili kila anachofanya Mkubwa, ili mmoja akifa tusife sote. Nilimpa Mkubwa sharti: asitupe faili hata moja kabla Mdogo hajamjibu "nimepokea". Mdogo waya wake umechomoka. Kwa hiyo Mkubwa anamngoja, na kadiri anavyongoja anarundika.

Nenda stoo, nyuma ya makabati ya chuma, uchomeke waya wa mtandao. Mdogo atameza zote kwa siku mbili tatu, na faili zitaondoka zenyewe. Ukiona stoo mbali, futa jina lake kwenye orodha ya wanaongojewa na Mkubwa atasafisha palepale. Lolote kati ya hayo mawili linatosha. Lifanye kabla mwezi haujaisha, wala usipoteze muda kuchunguza zaidi ya hapo. Kazi zako ni nyingi.

Mjomba wako


6 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimepokea. Ngazi imerudishwa, paa limezibwa, mama anadai ushindi. Mguu umevimba zaidi na daktari hataki asimame muda mrefu, kwa hiyo sasa anatoa amri akiwa amekaa.

Stoo nimekwenda. Mjomba, waya haukuchomoka. Umechomolewa, ukakunjwa kwa umbo la nane, ukafungwa kwa kamba ya kiatu na kuwekwa juu ya Mdogo. Nimefanya kazi hapa miaka mitano na namjua mtu mmoja tu anayekunja waya kwa umbo la nane. Ulinipiga kofi la mgongoni siku niliyoukunja mviringo.

Nikarudi kwenye orodha ya wanaongojewa. Mdogo alisema "nimepokea" kwa mara ya mwisho tarehe 14 Agosti, saa tatu na dakika arobaini na moja asubuhi. Yule mtoto alifariki tarehe 13 jioni. Labda hayahusiani. Lakini nilirudi stoo, nikaushika waya, nikashindwa kuuchomeka. Jina lake pia sijalifuta. Nimeazima diski moja kutoka idara ya eksirei, inaweza kutufikisha mwisho wa Aprili, na mkurugenzi nimemwambia tunangoja ushauri wako. Hilo angalau si uongo.

Niambie tu tarehe 14 kulitokea nini. Kama ni jambo la kawaida utanicheka, na mimi nitachomeka.

Halafu barua yako haina neno hata moja juu ya Miwani. Mama aliisoma mara mbili akilitafuta.

Mpwa wako


20 Machi

Mkaguzi,

Barua yako nimeipokea. Dada aukande mguu kwa maji ya moto, na azipunguze amri, nazo zinavimbisha.

Nilikuagiza kuchomeka waya, wewe umeniletea upelelezi. Nani alikunja, saa ngapi, kamba ya nini. Ndivyo ulivyo tangu utotoni na jina nililokupa halikukosea. Lakini yapo maswali yakiulizwa nyumba hailali. Baba yako alipofariki ulikuwa darasa la tatu. Mimi sikuuliza kitu. Nilibeba kitanda changu nikaja kulala sebuleni kwenu miaka tisa. Nilikusomesha, nikakufundisha kazi hii, nikainuka kitini ukakaa wewe. Sikukumbushi ili unilipe. Ila wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke, na nisingependa kuona walikuwa wakikusema wewe.

Kesi ina hakimu wake, na huyo nesi ana wakili wake. Wewe ni fundi wa mashine. Diski ikijaa kabisa Mkubwa atasimama na wodi zote zitarudi kwenye karatasi, na mtu akidhurika siku hiyo atakuwa juu yako. Chomeka waya.

Usiniandikie tena juu ya hili.

Mjomba


2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Umesema nisiandike, nami naandika. Mama anaukanda mguu, nafuu haipo. Mjukuu wako jino moja limeanza kuchomoza, na ameruhusu watu wawili walitazame.

Tarehe 28 Machi nilimwasha Mdogo pale pale stoo, bila waya. Ndani yake kila kitu kimebaki kama kilivyokuwa asubuhi ile ya Agosti. Nikamtafuta yule mtoto. Dawa ni ileile, daktari ni yuleyule, kiasi ni 25. Nikapanda ofisini nikatazama kwa Mkubwa: 2.5. Ndipo nikafungua faili za miamala, hizi zilizogoma kufutwa. Saa tatu na dakika hamsini na mbili, dakika kumi na moja baada ya Mdogo kutengwa, mistari arobaini na moja ilibadilishwa. Kila mmoja ulirudishiwa nukta. Akaunti iliyofanya hivyo ni yako.

Nilijaribu kujiambia kwamba mtu aliiba nywila yako. Nilijidanganya hivyo mpaka saa nane mchana, kisha nikaukumbuka ule waya.

Ushauri wako ulikuwa sahihi kabisa, na hilo ndilo linaloniuma. Ningechomeka, Mdogo angemeza yote, naye angeandika mbili nukta tano, angesema "nimepokea", na faili zingejifuta. Diski ingepona. Miwani angebaki mwongo maisha yake yote, na mimi ndiye ningekuwa nimemaliza kazi hiyo, kwa kukutii tu.

Juzi alileta nguo. Amenunua miwani mpya. Anasema huenda ile ya zamani ndiyo iliyompotosha. Nikapokea nguo nikamwambia asante.

Njoo, mjomba. Njoo useme mwenyewe kabla ya tarehe 22. Nakungoja hadi tarehe 20. Sikupi siku kama hakimu. Nakupa kwa sababu sijui nitafungua vipi mdomo kukusema mama akiwa amekaa mbele yangu. Tarehe 9 kesi inatajwa, ni ya kutajwa tu, nitakwenda nikusikilizie. Tafadhali njoo. Nakupenda kuliko ninavyoweza kuandika na nimekukasirikia vilevile.

Mpwa wako


13 Aprili

Mwanangu,

Nimepokea. Hiyo ni kweli ya kwanza katika barua hii, na zinazofuata ni za kweli pia.

Tarehe 12 Agosti niliweka toleo jipya la programu ya dawa. Nililijaribu kwa namba nzima tu: tano, kumi, ishirini. Toleo lile lilitarajia mkato kwenye namba za desimali, na hospitali yetu inaandika nukta. Likikutana na nukta linairuka. Kwa siku moja na nusu kila mbili nukta tano ilisomeka ishirini na tano. Wagonjwa arobaini walinusurika, wengine kwa sababu dawa haikuwa kali, wengine manesi walishtuka wakampigia daktari. Miwani hakushtuka. Zamu ile alikuwa peke yake na watoto kumi na tisa.

Asubuhi ya tarehe 14 niliona kosa. Kabla ya kugusa kitu cha hatari huwa nachomoa waya wa Mdogo, ili nikiharibu kwa Mkubwa nibaki na nakala nzima. Unajua, nilikufundisha. Nikarudisha lile toleo la zamani, nikasahihisha ile mistari arobaini na moja. Nakuapia kwamba dakika ile nilikuwa nasahihisha, sikuwa naficha. Nilitaka asipewe mtoto mwingine dawa kwa namba ile. Nilipanga kwenda kwa mkurugenzi baada ya hapo. Nikanywa chai kwanza. Kisha nikasema nitakwenda mchana. Siku ya tatu polisi walikuja wakachapisha kumbukumbu kutoka kwa Mkubwa, wakaondoka nayo, na hapo kusahihisha kwangu kukageuka kuwa jambo jingine.

Utauliza mbona sikuchomeka tena waya na kumaliza ushahidi. Nilishuka stoo mara nne. Nisingeweza. Ndani ya Mdogo ndimo mlimobaki kitu pekee cha kweli, na mimi ndiye niliyekitunza bila kutaka. Kumtoa nje nikashindwa, kumfuta nikashindwa. Nikaukunja waya nikaomba kazi ya pampu. Nilisahau lile sharti nililompa Mkubwa mwenyewe. Mtu mwenye akili zake angebaki pale miezi miwili, akalifuta jina la Mdogo kwa adabu. Mimi nilikimbia, na mashine ikaendelea kutunza kila karatasi yangu.

Maneno niliyokuandikia Machi nayajutia. Hukuwa punda. Mimi ndiye niliyekuwa napiga mateke.

Sasa sikia. Gari la mafuta linaondoka leo saa saba mchana, lijalo ni tarehe 27, baada ya kesi. Ningeweza kupanda la leo. Dereva ameniuliza mara mbili. Nimekaa kwenye ngazi za karakana nikiliangalia likipakia mapipa matupu, na miguu imekataa. Ninaogopa uso wa mama wa yule mtoto. Ninauogopa wa dada zaidi. Kwa hiyo nakutumia karatasi badala yangu. Nimeisaini kila ukurasa. Wape. Waambie wamwachie nesi wao na wanifuate mimi huku, sitakwenda popote, hakuna pa kwenda.

Dada usimwambie mpaka iwe lazima.

Mjomba wako


5 Mei

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeipokea tarehe 24 Aprili. Imechelewa, lakini si kosa la dereva.

Tarehe 9 ilikuwa ya kutajwa tu. Nilikwenda mahakamani nikiwa na nakala ya yale ya Mdogo ndani ya mkoba, kwenye diski ndogo, sijui kwa nini niliibeba. Miwani aliomba kusema. Wakili wake akamvuta mkono, akautoa. Akasema: "Mheshimiwa, nimefikiria miezi minane. Mashine haina ugomvi na mimi. Basi lazima nilisoma vibaya. Nakubali kosa." Hakimu akamuuliza mara mbili kama anaelewa anachokiri. Akasema anaelewa. Miaka mitatu. Hawakungoja hiyo tarehe 22.

Mkoba ulikuwa mapajani kwangu. Sikusimama. Nilijiambia nimekuahidi hadi tarehe 20. Tarehe 20 ikafika, sikwenda. Kila asubuhi nilisema leo mchana. Nilipoisoma barua yako, pale unaposema ulikunywa chai kwanza, nilicheka mjomba, kicheko kibaya, nikalazimika kutoka nje ya ofisi. Wewe ulinifundisha kazi, na kumbe nilijifunza na hilo.

Tarehe 25 nilikwenda kwa mwendesha mashtaka. Nikampa barua zako zote, na nakala za zangu, hata zile zinazonisema mimi. Aliandika majina yetu wawili kwenye karatasi moja. Mimi nimesimamishwa kazi. Siku ya mwisho polisi walipomaliza kunakili faili zote na kumbeba Mdogo, wakiwa wamemfunga kwa shuka la wodi, mkurugenzi alinisimamia nikafuta jina lake kwenye orodha. Faili zikaondoka kwa dakika tatu. Matumizi ya diski yameshuka hadi asilimia ishirini na mbili. Mapokezi hawajui hata kilichotokea, wanasema tu mashine imekuwa nyepesi.

Watakuja kukuchukua na gari la tarehe 11. Wamekubali uje umekaa mbele, na dereva.

Mama nimemsomea barua yako yote. Usingeniomba lile la mwisho. Hakulia. Aliniuliza jina la yule mtoto, na mimi sikulijua, nimekuwa nikimwita namba ya faili. Tangu siku hiyo hatoi amri yoyote ndani ya nyumba.

Rufaa ya Miwani itasikilizwa Julai. Mpaka hapo yuko ndani, wanasema sheria ina foleni yake. Juzi nilikwenda kumwona. Kuna meza ndefu na wavu katikati, na chini ya wavu uwazi wa kupitishia karatasi. Nikampitishia ukurasa uliochapishwa kutoka kwa Mdogo. Akausogeza karibu na uso, akasoma kwa sauti: "Ishirini na tano." Akaurudisha kwangu. "Na wewe unaona hivyohivyo?"

Nikamwambia ndiyo, naona hivyohivyo.

Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa, akasoma tena. Nikadhani atalia au atanishukuru, na yote mawili nilikuwa nayaogopa. Akauliza, "Umejua lini?"

Nikasema tarehe 28 Machi.

Akahesabu kwa vidole juu ya meza, bila haraka.

"Tarehe tisa ulikuwa umekaa benchi la tatu, mkoba mapajani," akasema. "Nilikuona."

Mpwa wako